Mkataba wa Wake Wenza

Nilipoanza kujitegemea kama wakili nilikodi chumba Gongo la Mboto, juu ya duka la pembejeo. Harufu ya mbolea na dawa za mimea ilipanda ngazi pamoja na wateja, na wateja wenyewe wengi walikuwa wakulima. Walitoka Chanika, Pugu na Msongola, watu wenye shamba dogo na ndugu wengi. Chuoni nilijiandaa kwa mambo ya mabenki na makampuni makubwa, lakini kazi iliyonijia ilikuwa mikataba ya ubia wa kilimo: huyu ana ardhi, yule ana pampu, nani atamwagilia, nani atauza, wakigombana itakuwaje. Nikaipenda kuliko nilivyotarajia.

Asubuhi moja wakaingia wanawake wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye mwendo wa taratibu. Mwenzake alikuwa wa makamo, mnene wa wastani, simu mkononi, mchangamfu kabla hata hajakaa.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia kwa pamoja, kisha wakakaa kwenye benchi, huyu mwisho wa huku na yule mwisho wa kule. Katikati yao pangetosha familia.

"Tumekuja kuandikishana," akasema yule mtu mzima. "Tunataka kulima pamoja."

Nikashika kalamu. "Nyie ni ndugu?"

Hapo ndipo walipotazamana. "Huyu ni mke mwenzangu," akasema yule wa makamo. "Mume wetu ametangulia mbele ya haki. Shamba la Chanika tumeachiwa sie wawili, na haligawanyiki. Kisima kipo upande mmoja, njia ipo upande wa pili. Ukilikata, mmoja atakosa maji na mwingine atakosa pa kupita."

Nikawaeleza maana ya ubia. Nikasema wabia huchangia mali au kazi, hugawana faida, na hasara ikija huibeba pamoja. Bi mkubwa akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kidogo.

"Hayo mbona tunayajua, mwanangu. Ubia sie tumeuanza zamani. Ila mtaji wenyewe ulikuwa unatembea."

Bi mdogo akafunika mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Mie nimelelewa Segerea na wazazi waliotoka bara, nyumba ya baba mmoja na mama mmoja, na sikujua kama nami ninaruhusiwa kucheka. Nikainamia karatasi.

Vifungu vya mwanzo vilikwenda vizuri. Bi mkubwa alikuwa mzaliwa wa Kisarawe, kilimo amekua nacho, na alikuwa tayari kuhamia shambani. Bi mdogo aliuza matunda na mboga Temeke miaka mingi. Angeleta pampu na kutafuta wanunuzi. Walitaka kuanza na bamia na mapapai. Shida ilikuwa hawakuongea wao kwa wao. Kila neno lilipita kwangu.

"Muulize huyo, bamia zangu atataka nizichume lini?"

"Mwambie bi mkubwa, bamia ikichelewa kuchumwa inakuwa kamba. Temeke hakuna anayenunua kamba."

Nikawa kama mkalimani wa watu wanaozungumza lugha moja.

Tukakwama tulipofika kifungu cha kutokubaliana. Wabia wakiwa wawili tu, kila mmoja akishika lake, biashara inasimama. Nikawashauri wamtaje mtu wa tatu wa kuwaamulia. Nikapendekeza shehe wa mtaani kwao.

"Alikuwa rafiki wa marehemu," akasema bi mkubwa, "na Ramadhani walikuwa wakifuturu pamoja kwa huyu."

Nikapendekeza mtoto mkubwa kuliko wote.

"Si wake huyo?" akasema bi mdogo. "Atamhukumu mama yake?"

Nikamtaja mwenyekiti wa mtaa. Wakacheka wote wawili, tena bila kutazamana. "Yule hata chakula cha usiku anaamuliwa na mkewe," akasema bi mkubwa. Kifungu kikabaki wazi. Wakaja tena, na tena, kikaendelea kubaki wazi, mpaka bi mdogo akanipigia simu. "Njoo shambani, mama wakili. Fundi anafunga pampu. Labda hapo tutapata la kuandika."

Nikaenda, nimevaa viatu vyangu vya mahakamani. Shamba lilikuwa limeshalimwa, udongo mwekundu umelegea vizuri. Fundi alikuwa ameinama kisimani akikaza bomba. Nikawakuta wake wenza wangu wamesimama kila mmoja upande wake wa mstari wa mashimo ya mapapai, wakibishana kuhusu nafasi kati ya mche na mche, na mara tu waliponiona kila mmoja akaanza kunieleza makosa ya mwenzake.

Pampu ikakohoa. Ikanyamaza, ikakohoa tena. Halafu mpira wa maji ukachomoka kwenye bomba, ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, na maji yakampiga bi mkubwa kuanzia kilembani hadi miguuni.

Bi mdogo akaukimbilia ule mpira aukamate, ukamgeukia na yeye, akaloa chapachapa, simu ikaangukia kwenye shimo la papai. Nikasubiri kelele. Bi mkubwa akajifuta macho, akamtazama mwenzake aliyekuwa anapambana na mpira, akaachia kigelegele kirefu kilichowatoa majirani nje.

"Maji! Maji yametoka!"

"Njoo ushike huku, utaniacha peke yangu?"

"Nimeshika! We bana hapo mbele!"

Wakaukumbatia mpira wote wawili, wakicheka, na fundi akawa anawaomba wasogee afanye kazi, nao hawamsikii. Viatu vyangu vilikuwa vimezama topeni. Ndipo nikagundua kwamba walikuwa wanaongea wenyewe. Hakuna aliyekuwa ananihitaji.

Baadaye tukakaa mkekani, wamejifunga khanga kavu, tukala mihogo ya kuchemsha na kachumbari. Bi mkubwa akasema, "Andika, mwanangu. Kikiwa ardhini naamua mie. Kikishachumwa, anaamua huyu."

"Na jambo ambalo si la ardhini wala la sokoni?"

Wakafikiri. Bi mdogo akajibu, "Tukikataana, tunapika, tunakula sahani moja. Huwezi kula sahani moja na mtu umemnunia. Tonge halipiti."

Nikawaambia kwamba hakimu akikutana na kifungu hicho hatajua la kufanya nacho.

"Kwani sie tunaenda kwa hakimu?" akauliza bi mkubwa.

Nikakiandika: wabia wakishindwa kukubaliana, watakula chakula sahani moja kabla ya kuchukua hatua nyingine yoyote. Chini yake nikaweka cha usuluhishi, cha kawaida, kwa amani ya moyo wangu mwenyewe.

Kikabaki kifungu cha kifo. Nilikuwa nakiogopa. Bi mkubwa akakimaliza kwa sentensi moja: yeye akifa, sehemu yake ni ya wanawe, lakini shamba aendelee kuliongoza huyu, maana wanawe wanajua mji tu. Bi mdogo akaacha kutafuna.

"Na mie hivyo hivyo," akasema taratibu. "Nikitangulia mie, wanangu wakusikilize wewe, dada." Kisha akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Ila usitangulie. Mapapai yote haya nitayalea na nani?"

Siku ya kutia saini wakapika pilau palepale shambani. Watoto wa nyumba zote mbili walikuja, watu wazima wenye watoto wao, na wengine walikuwa hawajawahi kuketi mkeka mmoja isipokuwa msibani. Nilipogonga muhuri vigelegele vikapigwa kama vya harusini, na wajukuu wakataka kila mmoja agongewe muhuri mkononi. Nikawagongea wote.

Bamia zilitoka vizuri, mapapai yakafuata, na bi mkubwa akaanza kuota ndoto za kufuga mbuzi. Msimu uliofuata walitaka kukodi shamba la jirani, mzee mmoja mpole aliyestaafu ualimu. Kikao kikafanyika ofisini kwangu. Wake wenza wakakaa benchi moja wamebanana, mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimalizia, na kila bei aliyoitaja mwalimu ilipokewa na vicheko vya watu wawili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mwishowe akainama upande wangu akaninong'oneza:

"Samahani, wakili. Haiwezekani nikaongea na mmoja tu?"

Nikamwambia, kwa masikitiko yote ya kisheria niliyoweza kuyakusanya, kwamba haiwezekani.