Mafuta ya Sangara Katika Oveni ya Shangazi

Siku hiyo, mwanangu, naikumbuka kwa harufu kabla sijaikumbuka kwa sura. Nikifumba macho hivi, upepo wa ziwani unaingia dirishani, mapazia yanapanda na kushuka taratibu, nami nimesimama katikati ya jiko la watu, natamani ardhi ipasuke.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nakaa mtaa wa Mirongo kwa shangazi yangu Modesta. Ilikuwa ile miaka ya tisini, biashara zilipofunguliwa na vitu vya ng'ambo vikajaa mjini, vipya na vikuukuu. Shangazi alinunua jiko la umeme la mtumba, lenye oveni, akaanza kuoka keki. Wiki hiyo alikuwa amepewa keki yake ya kwanza kubwa, ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti wa jirani anayeolewa, Jumamosi. Ingeharibika ile, nani angempa nyingine? Jumatatu akaitwa msibani Misungwi, akaniachia nyumba. "Kabula, oveni usiiguse," alisema. Mimi nikasikia "oveni" tu.

Jumatano mvua ilinyesha, mkaa ukaloa. Nami nilikuwa nimenunua mapanki, ile migongo ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya, na wenzangu wawili nimeshawaalika. Nikajiambia, jiko lisilo na moshi si ndilo hili? Nikapanga mapanki juu ya waya za oveni, bila hata sinia chini. Sangara unamjua wewe. Mafuta yake hayana adabu. Yalitiririka, yakaungua, yakaganda meusi kwenye kuta za ndani. Tulikula, tukacheka, na sikudanganyi, mapanki yalikuwa matamu.

Alhamisi asubuhi ndipo nilipoona nilichofanya. Nikachukua majivu na mchanga wa ziwani, kama tunavyosugulia masufuria, nikasugua hadi vidole vikachubuka. Kuta zikapata mikwaruzo, mafuta yakabaki. Basi nikang'arisha mlango na kioo, nikafunga. Kwa nje ungeweza kujitazama.

Shangazi alirudi mchana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri."

Hata kanga ya msibani hajavua, alifungua oveni, akapitisha kidole ukutani, akakinusa. Nilingoja kofi. Halikuja. Aliniuliza polepole, "Kabula, hapa umeosha iwe safi, au umeosha nisione?"

Kofi ningelisahau, mwanangu. Swali lile sijalisahau. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia penye kile kidole. Nikamwambia yote, hadi majina ya wenzangu, ambayo hakuyauliza.

"Mafuta yaliyoungua hayapigwi," akasema, "yanalainishwa." Akazima swichi ya ukutani. Akatoa zile waya, akaziloweka kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga. Akatwanga magadi, yaleyale tunayotia kwenye maharage magumu, akayakoroga na maji ya vuguvugu yakawa uji mzito. Akanivisha mifuko ya nailoni mikononi maana magadi yanachoma ngozi, nikapaka kuta zote, nikiziruka zile nondo za umeme zinazopasha moto. Halafu akasema tusubiri hadi kesho. Kusubiri! Mimi niliyelelewa na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tulikaa uani tukipeta mchele. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, magadi yanakauka meupe mle ndani ya oveni, na kwa mbali ziwa limetulia nyuma ya mawe. Hakunisema tena. Alasiri nzima nilisikia mchele tu kwenye ungo, na hadi leo nikiisikia sauti ile macho yanaanza kulegea.

Ijumaa asubuhi tulifuta kwa kitambaa chenye maji. Ukoko ulibanduka kwa ncha ya mwiko, bila nguvu. Tukasuuza, tukapitisha maji ya limau, tukasuuza tena. Shangazi akawasha, akaingiza slesi moja ya mkate ya kujaribia harufu. Ndipo mama wa bibi harusi akaingia, pumzi juu: keki vipi, mbona wageni wa Busisi wameshavuka kivuko cha Kigongo? Shangazi aliutoa mkate, akanipa mimi. "Onja, useme wewe."

Nikatafuna. Mwanzoni mkate, mkate tu. Halafu, kwa nyuma kabisa, sangara. Mama yule ananitazama, shangazi ananitazama. Maneno "iko safi" yalikuwa yameshafika ulimini, na yangetupumzisha sote. Niliogopa, nisikufiche.

"Bado," nikasema.

Mama wa bibi harusi akasonya. "Bado nini tena, na leo Ijumaa!"

Shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu atoke msibani. "Bado ni bado, mama. Afadhali usubiri wewe kuliko wageni wako wale keki ya samaki."

Tukainua bati la chini, ambalo jana hatukuligusa. Mafuta yalikuwa yamejaa pale chini. Tukapaka magadi upya, tukangoja, tukaosha. Mchana nikaonja tena, na mkate ulikuwa mkate. Keki ikaingia alasiri. Jumamosi ililiwa hadi makombo, na Jumapili shangazi akaniwekea unga mbele yangu. "Kuanzia leo unaoka wewe," akasema. "Mpishi anayejua kusema bado simwachi." Nililia, mwanangu, mbele ya unga, bila haya.

Sasa nawe nasikia umepata jiko lenye oveni. Usiisugue kwa hasira wala kwa mchanga. Ilainishe, iache, na unapodhani umemaliza, inua bati la chini. Na mtu akikuuliza kama pamekuwa safi, jikoni au moyoni, usimjibu kwa kumridhisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayesema bado ana nafasi ya kuosha tena.

Mungu akujalie nyumba ambayo mgeni akifungua mlango wowote, hata wa oveni, moyo wako usishtuke.