Tunakula Chungu Kimoja

Mume wa Blia Khang alikuwa amekufa, lakini mkewe hakuacha kumwita mezani. Kila akipakua wali, Blia alichota kijiko cha kwanza, akakiweka pembeni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nhia Tou, njoo ule. Waite na wazee wako mle, mtulinde." Ndipo naye akaanza kula. Hivyo ndivyo Wahmong walivyofanya kwao milimani, Laos, na hivyo ndivyo alivyoendelea kufanya hapa Saint Paul, Marekani, katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba ya mwanawe, theluji ikiwa imeziba nusu ya dirisha lake dogo.

Huko juu hakuna aliyemwita marehemu. Mke wa mwanawe, Pa Zoua, alikuwa ameokoka, na kanisa lake halikutaka kusikia habari za mizimu. Siku aliyosema, "Mama, nisamehe, lakini mezani kwangu hatuli na wafu," Blia alichukua bakuli lake, akateremka ngazi, na hakupanda tena kula. Hakugomba wala hakununa. Alitafuta sufuria ya umeme ya kupikia wali, na kadi ya chakula ya serikali ikamnunulia mchele, kuku na majani ya haradali. Mume angekula wapi kama si kwake?

Kong, mwanawe, alibaki katikati. Mbele ya mkewe alikuwa wa mkewe, na mbele ya mama yake alitazama viatu. Alikuwa mpole, tena mpole hadi upole wake ulikuwa unaudhi. Jambo moja wote watatu walikubaliana bila kulitamka, nalo ni kwamba watu wa ukoo wasijue. Mama Mhmong kupika na kula peke yake chini ya paa la mwanawe wa pekee wa kiume! Wazee wa ukoo wangemkalisha Kong kitako wamuulize yeye ni mtu wa namna gani, na jibu lolote ambalo angetoa lingekuwa baya.

Kadi ile ilitaka mahojiano kila mwaka. Miaka iliyotangulia binti yake Mee ndiye aliyemtafsiria, na mbele ya Mee hakukuwa na siri ya kuficha. Lakini Mee alikuwa amemfuata mumewe California. Mwaka huu Blia alipanda basi peke yake, amevaa koti la Kong lililomfika magotini, akaenda kukaa mbele ya karani, mwanamke mwenye nywele nyeupe na uso wa huruma. Karani alionyesha kwa kidole tangazo ukutani lenye lugha nyingi, akatabasamu, akabonyeza simu. Mkalimani alikuwa haki yake, tena bure. Simu ikaongea Kihmong.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye mkalimani wako leo. Samahani kidogo, kabla hatujaanza, wewe ni wa ukoo gani?"

Kuna watu wangeona hilo ni umbea. Kwa Wahmong, usipouliza hutajua umwite mwenzako nani, na huwezi kuongea na mtu ambaye hujui umwite nani.

"Mimi ni Khang," alisema Blia. "Nimeolewa na Vue. Marehemu alikuwa Nhia Tou Vue."

"We! Nhia Tou, aliyekuwa akipuliza zumari ya msibani? Basi wewe ni mama mkubwa! Mimi ni Tou Ger Vue. Baba yangu na marehemu walikuwa wakiitana ndugu. Kong hajambo? Mbona hatumwoni siku hizi?"

Blia akahisi kiti kimekuwa kidogo. Huyu alikuwa kaka wa Kong kwa ukoo, mtu wa kukaa na wazee kwenye misiba na harusi.

"Hajambo," alisema. "Kazi tu."

Karani alikohoa, akaanza maswali. Unaishi wapi, una miaka mingapi, una fedha benki? Tou Ger alitafsiri vizuri, haraka na kwa adabu. Kisha likaja lile ambalo Blia alijua litakuja.

"Anauliza, mama mkubwa, unanunua na kupika chakula chako kivyako, au unakula na mwanao na mkewe?"

Jibu lilikuwa fupi, na Mee alilitoa kila mwaka bila kupepesa macho. Lakini sasa lingepita katika kinywa cha mtu wa Vue, na Jumamosi lingekuwa limefika kwa wazee. Akilini Blia alimwona Kong amekaa mbele yao, ametazama viatu vyake. Mwanawe! Aliwahi kumvusha mto Mekong mgongoni wakikimbia vita.

"Mwambie tunakula chungu kimoja," alisema.

"Safi!" alisema Tou Ger, na ilisikika kwamba amefurahi kutoka moyoni. "Siku hizi vijana wanatupa wazazi wao kama viatu vibovu. Huyo Kong ndiye mtoto."

Karani hakufurahi. Alitazama kompyuta, akamtazama Blia, akatazama tena kompyuta.

"Anasema mwaka jana ulisema unapika peke yako. Kuna kilichobadilika?"

"Tumepatana," alisema Blia. Kisha akaona neno hilo nalo lina ugomvi ndani yake, akalisahihisha. "Mwaka jana binti yangu alichanganya maneno."

Maskini Mee, akasingiziwa huko aliko.

Karani alieleza taratibu, akisubiri kila kipande kitafsiriwe. Kama wanakula pamoja, basi mapato ya mwana na mke yanahesabiwa kuwa ya nyumba moja, na mapato hayo yanazidi kiwango. Kadi itafungwa mwisho wa mwezi. Halafu mwanamke yule aliinama mbele, akasema jambo kwa sauti ya chini akimtazama Blia machoni. Alikuwa amenusa kitu. Mtu mzuri, na uzuri wake haukuwa na njia ya kufika.

Tou Ger alicheka. "Anasema kama huna raha na mkalimani huyu useme, atatafutwa mwingine, ni haki yako. Haya, mama mkubwa, unanifukuza?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, lakini ni kama Tou Ger amesimama katikati yake. Ili amkatae ilibidi amwambie yeye mwenyewe amtafsirie kwamba anakataliwa, na kesho yake watu wa Vue waanze kuulizana mama yule alikuwa anaficha nini. Blia alimtazama karani akitamani macho yake yaseme, lakini macho hayajui Kiingereza.

"Nikufukuze mwanangu? Mwambie nashukuru."

Jioni alimweleza Kong ngazini. Kong alisikiliza hadi mwisho. "Umenisitiri, mama," alisema, na alikuwa karibu kulia. "Chakula usijali. Njoo ule juu."

"Na baba yako?"

Kong akatazama viatu. Baadaye alileta sahani iliyofunikwa, na siku ya pili nyingine. Siku ya tatu alifanya kazi ya zamu, hakuna aliyeteremka, naye Blia alikaa akisikiliza nyayo juu ya kichwa chake kama mtoto anayengoja kupewa. Na sahani zenyewe zilikuja zikiwa zimeshaombewa, zimepoa, vijiko vimeshapita ndani. Alimwekea Nhia Tou kijiko chake, akashindwa kumwita. Ungemwitaje mtu mzima kwenye mabaki? Aliona aibu mbele ya marehemu kuliko alivyowahi kuona mbele ya walio hai. Mchele wake mwenyewe ulipobaki wa kukwangua, alikwangua gunia, akapiga simu ofisini.

Alingoja sana muziki ukicheza. Safari hii mkalimani alikuwa mwanamke, tena kijana, na Blia akapumua.

"Shikamoo, bibi. Karani yuko nasi. Samahani, bibi ni wa ukoo gani?"

Blia alifumba macho. "Khang. Kwa mume, Vue."

"Bibi Blia? Mama yake Kong? Jamani! Kaka Tou Ger alitusimulia kwenye harusi, mbele ya wazee wote. Wamemsifu Kong hadi basi. Mama mkwe wangu sasa kila siku ananitajia huyo Kong wako! Haya, bibi, sema, karani anasubiri."

Juu, Pa Zoua alikuwa akiburuta kiti. Blia alitazama kijiko cha wali uliopoa.

"Mwambie nilidanganya. Napika peke yangu. Nakula peke yangu. Mwanangu na mkewe wanakula kwao."

"Bibi," alisema yule binti kwa sauti ndogo, "niseme hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Akayasikia maneno yake yakienda kwa Kiingereza, hakuelewa hata moja. Karani akauliza, yeye akajibu. Ikasemwa kwamba kadi haitafungwa. Binti hakumwita bibi tena hadi mwisho, aliaga haraka kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Blia aliosha sufuria yake, akaweka maji na mchele ule mdogo uliobaki. Ulikuwa haujachemka bado aliposikia huko juu simu ya Kong ikilia. Kong aliipokea kwa heshima, "Ndiyo, kaka Tou Ger." Kisha akauliza, "Mama mwenyewe amesema hivyo?" Kiti kikasogezwa, na nyayo zake zikaanza kuja upande wa ngazi.