Saa ya Dereva Ojiambo

Nilianza kazi ya kutengeneza saa mjini Tororo, enzi za Mwingereza, katika duka la Fundi Mkuu Jafari. Siku ya kwanza sikupewa hata bisibisi. Fundi Mkuu alinipa saa ya mkononi, akaniambia niitie ufunguo, kisha akainamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Polepole," alisema. "Hukamui nguo. Springi ikikataa, nawe acha."

Ninyi mnaovaa saa za betri hamkuyaona haya. Ndani ya saa zetu mlikuwa na springi, utepe mwembamba wa chuma uliojikunja ndani ya kikopo chake. Ukizungusha kifundo cha pembeni, ndiko kuitia saa ufunguo, springi hukaza. Inapojikunjua taratibu, saa hutembea. Nguvu hiyo tuliiita akiba. Kwa saa nzuri ilitosha mchana, usiku, na sehemu ya siku ya pili. Ikiisha, saa husimama mpaka mkono wa mtu uizindue.

Makarani wa reli walituletea saa zao, na Bwana Mkubwa wa wilaya alimtuma askari na yake ikiwa imefungwa kwenye leso. Nilikuwa nimeshaizoea kazi siku Wandera, mkulima kutoka Busia, alipoingia dukani na saa iliyojaa tope.

"Ni ya ndugu yangu Ojiambo, dereva wa lori la pamba," alisema. "Lori limeingia mto Malaba. Tumetafuta, mwili hatukupata. Hii tu ilinasa kwenye mafunjo. Isafisheni. Tutazika mgomba mahali pake, na saa iende naye."

Ndiyo desturi ya kwao: maiti isipopatikana, shina la mgomba hulazwa kaburini ili roho isitangetange.

Niliifungua ile saa, nikailegeza springi yote kama inavyotakiwa kabla ya kusafisha, nikakausha kila gurudumu. Nilipoirudisha pamoja, Fundi Mkuu alinizuia kuijaribu. "Saa ya marehemu haitiwi ufunguo," alisema. Akaifungia kabatini. Ufunguo wa kabati aliuvaa shingoni.

Asubuhi tulipofungua duka, saa ilikuwa inatembea.

Fundi Mkuu alinigeukia. "Umeishika?"

"La, Fundi. Ningeishikaje? Ufunguo wa kabati unao wewe."

Aliilegeza springi kwa mkono wake mwenyewe hadi saa ikanyamaza, akaifunga tena. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amesimama mbele ya kabati, midomo ikisoma dua. Sauti ya saa ilisikika kutoka mlangoni. Aliitoa, akajaribu kuzungusha kifundo. Hakikwenda. Springi ilikuwa imekaza hadi mwisho, kama saa ya mtu aliyeamka, akaitia ufunguo na kuivaa.

"Nenda Busia," Fundi Mkuu aliniambia. "Waite wenyewe."

Nilirudi na Wandera pamoja na Nabwire, mke wa Ojiambo, amejifunga kitambaa kichwani. Fundi Mkuu aliwaeleza yote bila kupamba. Nabwire akaiweka saa sikioni, akafumba macho.

"Hii inatembea," alisema. "Mimi sitazika mgomba."

"Shemeji, hiyo ni chuma tu," Wandera alimjibu. "Wazee wameshakaa. Watu wako njiani wanakuja kulia."

"Waje walie. Kaburi mtachimba, lakini mimi sitasimama pale. Rudini mtoni."

Wandera alimgeukia Fundi Mkuu, nadhani akitumaini mzee yule angesema ni hitilafu. Fundi Mkuu hakusema hivyo. Alisema, "Mwanangu, ningeweza kuieleza, ningekueleza. Nenda naye."

Nami nikaambiwa niandamane nao. Mara ya kwanza walikuwa wametafuta karibu na daraja. Sasa tulifuata mafunjo kuelekea pande za Mulanda, maji yakitufika kiunoni, Nabwire mbele. Ng'ambo ya kinamasi tuliona kibanda cha bibi mmoja Mjopadhola aliyevua kambare. Kabla hatujamaliza kumsalimu alituonyesha ndani. Ojiambo alikuwa amelala mkekani, mguu umevunjika, homa imemla hata jina lake halijui. Bibi alimkuta kando ya maji, na hakuwa na mtu wa kumtuma.

Nabwire alipiga magoti akamshika uso. Wandera alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia kwa sauti.

Bibi alizungumza Kijopadhola, Wandera akarudi ndani akanitafsiria. "Haongei," alisema bibi. "Lakini kila kunapokucha anafanya hivi." Akaunyoosha mkono wake mwenyewe, usio na saa, na kwa kidole gumba na cha shahada akawa anazungusha kitu kisichokuwapo, polepole, mpaka vidole vikagoma. "Halafu analala."

Ojiambo alipona, ingawa alichechemea. Nilimuuliza mara moja anakumbuka nini, akasema anakumbuka lori likiteleza, basi.

Baadaye nilifungua kibanda changu Busia, kisha nikaajiriwa kutunza saa za stesheni chini ya mabwana stesheni kadhaa, wakali na wapole, mpaka macho yaliponiambia basi. Vijana huniuliza kama naamini mambo haya. Huwajibu kwamba springi naijua, nimeishika maisha yangu yote, na kwamba siku ile sikuelewa kitu.

Nilipostaafu Nabwire alikuja kuniaga, naye ameshakuwa bibi wa wajukuu. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Asubuhi ile ulipokuja kutuita, walikuwa wananinyoa nywele za ujane. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Niliwaambia wangoje, nikafunga kitambaa, nikakufuata."