Funga ya Mjukuu wa Dada Yangu

Nilikwenda hospitali kwa ajili ya miguu yangu. Nyayo zilikuwa zinawaka moto, na katika sala nilikuwa nimeanza kupoteza hesabu ya rakaa, jambo la aibu kwa mtu aliyefundisha madrasa Ujiji kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Tulikuwa tumetangaziwa msikitini kwamba daktari wa magonjwa ya akili, binti aliyehamishiwa Kigoma kutoka Mbeya, anafanya utafiti wa mambo mawili: anapima vitamini katika damu ya wazee wanaosahau, na anatafuta vijana wanaokataa chakula.

Hilo la pili lilituchekesha. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, na kule Kagunga, mpakani na Burundi, watu walikuwa wamejaa ufukweni wakigombea uji. Jirani yangu alisema daktari huyo kapotea njia, huku chakula ndicho kinachotukataa sisi. Nilicheka naye mpaka machozi yakanitoka.

Aliyenishika mkono siku ile kwenda hospitali alikuwa mjukuu wa dada yangu. Dada yangu aliolewa Rumonge, upande wa Burundi, akafia huko. Vurugu zilipoanza, binti yake alimchukua mtoto wake, msichana wa miaka kumi na mitano, wakaja kwa mtumbwi hadi Kagunga. Mama akashikwa na kuhara wakati wakisubiri meli, akazikwa palepale. Msichana alifika nyumbani kwangu peke yake.

Alifika siku chache kabla ya Ramadhani, akafunga nasi mwezi mzima. Ulipokwisha akafunga zile siku sita za sunna. Kisha Jumatatu na Alhamisi. Kisha akawa anaruka siku, leo anafunga, kesho anakula, kama ilivyopokewa kwa Nabii Daudi. Mimi nilifurahi. Nilimsimamisha mbele ya darasa, nikawaambia wanafunzi wamtazame: kapoteza mama, nyumba na nchi, na bado hajamnyima Mungu hata siku moja, na Mungu anafurahi naye. Aliinamisha uso. Nikadhani ni haya.

Mke wangu aliniambia kwamba wakati wa kufuturu mtoto anamegamega ugali na kuuficha chini ya miiba ya samaki, migebuka ya ziwani. Alisema, "Mwenzangu, huyu hali. Anatuoshea vyombo tu." Nikamjibu asiingie kati ya mja na Mola wake. Akanyamaza, kwa kuwa ndivyo nilivyomzoesha kwa miaka yote ya ndoa yetu.

Daktari aliniamkia kwa adabu, akanitoa damu, akaniuliza ninakula nini. Nikiwa bado najibu, niliona macho yake yamehamia kwa msichana, aliyekuwa amevaa sweta katika joto lile la Kigoma. Akauliza habari zake. Nilijibu mimi, tena kwa majivuno.

"Tangu Ramadhani hajakosa siku yake hata moja."

"Hata moja, mzee?"

"Hata moja."

Aliweka kalamu chini. "Na siku zake za mwezi?"

Sheria hiyo nimeiandika ubaoni kwa chaki mara nisizoweza kukumbuka: mwanamke akiwa katika siku zake hafungi, hulipa baadaye. Huyu alifunga thelathini mfululizo, na hakudaiwa hata moja. Hakuna mwalimu wa dini asiyejua kwamba hapo pana la kuuliza. Mimi sikuuliza, nilisifu. Msichana alisema kwa sauti ndogo kwamba zilikoma tangu Kagunga.

Daktari alitaka alazwe siku ileile. Akaniomba nimwambie msichana mimi mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye atakayemsikiliza. Nikamwambia kwamba Mungu amemruhusu mgonjwa kula.

"Babu," akasema, "mbele ya wenzangu ulisema Mungu anafurahi nikifunga. Sasa amebadilika?"

Alilazwa. Walimnywesha maziwa kidogo kidogo kwa kijiko. Baadaye daktari alinieleza alichoambiwa na mtoto: kule ufukweni mama yake alikuwa akimpa sehemu yake ya uji, akidai ameshiba. Tangu hapo kila tonge alilolimeza aliona amelitoa kinywani mwa mama yake. Nyumbani kwangu alipata jina zuri la kuliita jambo hilo, funga, na jina hilo nilimpa mimi. Wiki ya tatu moyo wake ulichoka, ukasimama.

Majibu ya damu yangu yalitoka wiki hiyohiyo. Nilipungukiwa vitamini B12. Nilichomwa sindano, nyayo zikapoa, rakaa zikarudi mahali pake. Namshukuru Mungu, kwa kuwa shukrani ni wajibu, lakini kuna usiku nimeitamka nikiwa nimeuma meno.

Matangani wanawake walisema mtoto ana bahati, kafa mfungaji, ataingia peponi kwa mlango wa wafungaji. Nilisimama nikasema hakufa na funga, alikufa mgonjwa, na mimi niliusifu ugonjwa wake. Imamu alinivuta kanzu. "Mwalimu, usimharibie marehemu." Nikakaa. Mazungumzo yakaendelea kama yalivyokuwa.

Baada ya arobaini alikuja mama mmoja na binti yake, mwembamba, kajifunika vizuri. Alisema binti amesikia habari za marehemu, naye ameanza kufunga vilevile, anaomba nimsimamie. Nikamwambia ampeleke kwa daktari yule wa Mbeya, kesho asubuhi, asingoje.

"Mwanangu si kichaa," alisema, akamshika mkono wakaondoka.

Wamempata mwalimu mwingine. Nasikia anamsifu sana.