Mwongozo wa Bibi Saa

Wodi ya wazazi nzima ilimwita Bibi Saa, kwa sababu ya saa aliyoibana kifuani kwa pini. Mumewe alilalamika kwamba mkewe huitazama hiyo zaidi kuliko anavyomtazama yeye. Ukunga alikuwa ameufanya miaka ishirini na sita.

Siku moja kikaletwa kitabu kipya cha mwongozo wa kuzalisha, kinene kama tofali. Kiliagiza kila mama mwenye uchungu awe na mkunga wake, na moyo wa mtoto usikilizwe kila robo saa. Wakunga walikuwa wawili. Kina mama, asubuhi hiyo, kumi na mmoja.

"Kitabu kizuri, daktari," Bibi Saa alimwambia mkuu wa wodi. "Hebu tukifuate mimi na wewe, mpaka saa sita tu."

Daktari akakubali kwa mbwembwe. Kufika saa nne alikuwa akikimbia. Saa tano mama wa kitanda cha tatu akamhurumia: "Mwanangu, pumzika kidogo, utajifungua kabla yangu!" Wodi ikaangua kicheko, hata wale waliokuwa wakiugulia.

Saa sita daktari alikuwa ameketi sakafuni, kiatu mkononi. "Nimewaruka wangapi?"

"Wanne. Sisi huruka hivyo hivyo kila siku, halafu tunajaza fomu ionekane tumepima."

Daktari akavaa kiatu, akakichukua kitabu. "Basi tukipunguze."

Kwa wiki tatu, kila jioni, wakajifungia stoo ya mashuka na wauguzi wengine, wakikipunguza kitabu. Kila mstari Bibi Saa aliuliza, "Hili atalifanya nani, kwa mikono ipi?" Moyo wa mtoto ukawa kila nusu saa, lakini nusu saa ya kweli. Walipofika kwenye sehemu ya kutokwa damu baada ya kujifungua, akaweka kiganja juu ya karatasi: "Hapa hukati hata nukta." Tofali likabaki kurasa nane.

Mwezi wa pili, mapigo ya mtoto mmoja yalisikika yakipungua, kwa kuwa safari hii kweli kulikuwa na mtu aliyesikiliza. Mama akawahishwa chumba cha upasuaji; binti akatoka akilia kwa hasira. Bibi Saa akapotelea bafuni, akarudi macho mekundu, akisingizia sabuni.

Kisha kikaoni muuguzi mgeni akanyoosha mkono. "Shikamoo, mama. Ukurasa wa tano wa mwongozo wenu unataka watu wawili. Mimi zamu yangu niko peke yangu."

Bibi Saa akaguna, akakunja uso. Hakuzoea kusahihishwa. Mwishowe akavuta kiti.

"Marahaba. Kaa hapa, mwanangu, unieleze unavyofanya."