Setilaiti na Wachafuzi wa Hewa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipata kibarua kilichonifanya nitembee kijiji kizima cha Waa, kwetu pwani, kifua mbele. Mtafiti kutoka bara alikuwa akilinganisha picha za setilaiti na hali ya hewa huku chini kwetu. Kila asubuhi, setilaiti ilipokuwa ikipita, nilielekeza kifaa kwenye jua na kuandika ukungu wa moshi na vumbi ulikuwa mzito kiasi gani. Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwafafanulia wenyeji maneno yake. Akiridhika na siku tatu za majaribio, angeniajiri mwaka mzima. Niliitaka kazi ile kuliko chakula.

Aliitisha mkutano awaombe watu wasichome magugu siku hizo, moto wa karibu usije ukaharibu vipimo. Lakini magugu hakuyataja. Alisema, kwa sauti ya mahubiri: "Wazazi wangu, siku tatu hizi mtu yeyote asichafue hewa. Setilaiti inaona!"

Kwetu sisi, aliyechafua hewa ni aliyejamba. Kina mama walijifunika leso nyusoni, mabega yakitikisika. Mmoja akauliza, "Na aliye ndani ya nyumba yake, naye huonekana?"

"Hata ya ndani, mama, mwishowe hutoka nje."

Nilipaswa kusimama nisahihishe. Sikuweza, nilikuwa nimeuma ukosi wa shati nisiangue kicheko. Aliponiuliza watu wanacheka nini, nilimwambia wamefurahi.

Siku ya tatu, setilaiti ikiwa karibu kupita, moshi mzito ukatufunika. Ulitoka shamba lililopakana nasi, na mwenye shamba alikuwa mama yangu mzazi. Mtafiti alimkimbilia. "Mama! Si tulisema usichafue hewa?"

Mama alikuwa kando ya moto wake, reki mkononi. "Astaghfirullahi! Mimi? Mwanangu, nina adabu zangu. Tangu juzi nimejibana, hata kunde sijala!"

Mtafiti akanigeukia. Ikanibidi nimweleze yote. Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikadhani nimeokoka. Kisha akafuta machozi, akafungasha kifaa chake, akasema kwa upole kwamba angemtafuta mtu mwingine wa kumsemea.

Jioni ile mama hakugusa chakula. "Niambie kweli. Ni moshi wangu uliokukosesha kazi?"

"La, mama," nikasema, uso ukiniwaka kwa aibu. "Ni kicheko changu."