Gunia Nililoona Aibu Kulidai

Siku moja naikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu. Ni ile Mama Skola alipodandia lori la mizigo kutoka Ifakara mpaka Mchombe, akashuka na mwavuli wake mweusi, akaja moja kwa moja uani kwangu kunigombeza. Nilikuwa mke mpya, bado natembea kwa madaha. Hadi leo nikiukumbuka ule mwendo wake natabasamu peke yangu.

Ngoja nikueleze alikuwa nani. Kabla ya kuolewa nilipanga chumba kwake, mtaa wa Kibaoni pale Ifakara, nikiuza vitumbua asubuhi na kushona nguo mchana. Alikuwa mjane, Mpogoro mwenzangu kutoka upande wa Mahenge, mkali wa maneno na mwepesi wa kutoa. Ifakara ile, mwanangu! Baiskeli kila njia, mpunga umeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, sisi wasichana tunafukuza kuku huku tunacheka, na jioni harufu ya wali mpya inatoka kila jiko. Leo kuna lami na mageti ya chuma, na ni vizuri, sina la kulalamika. Ila ile harufu naitamani.

Sisi wa bondeni fedha tuliiona msimu wa mavuno tu. Kwa hiyo Mama Skola hakutaka amana ya fedha, hiyo ambayo ninyi vijana mnaiita dipoziti. Alitaka gunia la mpunga. Unalileta, unalishona mdomo kwa mkono wako mbele ya jirani, linakaa chumbani kwake. Kila mavuno unaleta jipya na kuchukua la zamani. Siku ya kuhama mnakikagua chumba pamoja, kama umeharibu kitu anakata mpunga wa kutengenezea, kinachobaki ni chako. "Fedha nitaila," alikuwa akisema, "lakini gunia likifunguliwa, mshono utanisema."

Basi nikapata mchumba, Kasiani, Mungu amrehemu. Yeye alikodi shamba Mchombe, mimi nikaahidi kuleta mbegu. Mbegu yenyewe ilikuwa ni lile gunia langu, mpunga safi wa aina ya supa, wa mavuno yale yale. Hatukuwa na nyingine wala fedha ya kuinunulia, na mbegu ikikaribia kupandwa huwa ghali kweli kweli.

Siku ya kuhama ilipofika, ulimi ukaniganda. Yule mama alikuwa amekaa kando ya kitanda changu hospitalini niliposhikwa na malaria. Alinifundisha kukadiria chachu ya vitumbua. Nitasimamaje mbele yake niseme, mama, nipe gunia langu? Niliona ni kama kumwambia mimi na wewe basi, tumemalizana. Nikasubiri Jumapili, akiwa misani, nikapakia kitanda na cherehani kwenye mkokoteni mpaka lilipo lori, ufunguo nikamwachia jirani. Nilijiona mwenye adabu kweli.

Kule Mchombe mawingu yakaanza kujikusanya upande wa milimani. Mzee Masanja, jirani yetu Msukuma mwenye maksai, akatulimia shamba, akasema sasa mwageni mbegu kabla udongo haujajaa maji. Kasiani ananitazama. "Mbegu iko wapi, mke wangu?" Nasema itakuja. Kesho yake anauliza tena, nasema itakuja. Aliniambia nenda kaichukue, nikamwambia siwezi kumdai mama yangu. Mwisho akaacha kuuliza, na mwanangu, mume aliyeacha kuuliza anatisha kuliko anayefoka. Nilikuwa nakaribia kuutupa msimu wetu wa kwanza kwa sababu ya haya.

Hapo ndipo Mama Skola akatokea na mwavuli wake.

"Shikamoo, mama," nikapiga goti.

"Hiyo shikamoo iweke kwanza. Umenifanya mwizi nyumbani kwangu."

Nikamsogezea kigoda. Akakikataa, akasema akiwa amesimama. Majirani walikuwa wameona nimeondoka bila gunia, wakakaa vibarazani na kuamua kwamba mjane kala mpunga wa binti wa watu. Lisemwalo lipo, wakasema. Akaja mpangaji, akakipenda chumba, akasikia hayo maneno, akaenda kupanga kwingine. Akaja wa pili, vilevile. Na yeye alikula kwa kile chumba, hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtumia kitu.

"Nilikuonea aibu, mama. Wewe ni kama mzazi wangu."

"Mtoto anamdai mama yake nyonyo, tena kwa makelele! Nani kakuambia kudai ni tusi? Tusi ni kunitoroka nikiwa kanisani, kana kwamba ukiniomba haki yako ningekunyima. Mficha uchi hazai, binti yangu. Na wewe juzi tu umeolewa, jihadhari."

Kasiani alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nililia, kwa maana nilielewa. Nilidhani nimemheshimu, kumbe nilimwachia mzigo wa mali ya mtu mwingine na midomo ya mtaa mzima. Kasiani akauliza kwa upole kama gunia lipo kwenye lori. Mama Skola akamjibu, "Gunia liko Kibaoni. Mwenyewe atalifuata, mchana, watu wakiona."

Nikalifuata. Akaniita chumbani mbele ya jirani yule niliyemwachia ufunguo na mzee mmoja balozi wa mtaa. Nikafagia, yeye akafuta dirisha. Tukaangalia mlango, kitasa, bati. Ukutani palikuwa na masizi, kwa sababu masika nilipikia ndani na alikuwa amenikataza. "Hii ni chokaa na fundi," akasema, akataja ni mpunga kiasi gani, balozi akaitikia kuwa ni haki. Nikaukata ule mshono wangu mwenyewe, haukuwa umeguswa. Akachota kwa kisado, nikashona tena. Nisiseme uongo, roho iliniuma kidogo kuuona mpunga unatoka. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nihame niliweza kumtazama machoni.

Akanipa wali na kambare tukala wote wanne, kisha akanisindikiza mpaka barabarani kwenye lori, gunia limefungwa nyuma ya baiskeli ya jirani. Tulipanda kabla maji hayajajaa. Mwezi haukuisha chumba kikapata mtu. Na kila mavuno nilimpelekea mchele mpya, tukakaa mkekani tunasengenya wale majirani. Alishatangulia mbele za haki, na kuna siku nikipika namwona kichwani mwangu kakaa jikoni ananikosoa. Nilimpenda sana yule mama.

Sasa wewe, mwanangu, unayefunga virago kwenye chumba chako cha Kibaoni au popote. Siku hizi dipoziti inatumwa kwa simu na mwenye nyumba pengine yuko Dar, sura yake huijui. Najua mnavyofanya. Mmoja anasema yaishe, anaondoka kimyakimya, halafu mwaka mzima anamsema mzee wa watu kuwa ni tapeli na wala hajawahi kumwomba. Mwingine anahama na balbu, na kufuli, angeweza angehama na mlango. Wote wawili wametoroka tu.

Siku ya kuingia, piga picha ukuta na sakafu, simu mnazo, mnapigia mpaka chakula. Ukitaka kuhama mwambie mapema, usimshtukize na mkokoteni mlangoni. Fagia, piga deki, rekebisha ulichovunja. Kisha mwite, au mtu wake, mkikague pamoja mbele ya shahidi. Akikata, akutajie anakata nini na kwa nini, na ukweli ukiwa wake meza mate ukubali. Akizungusha maneno, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa bila matusi. Dawa ya deni ni kulipa, na anayelijua hilo hachukii kukumbushwa. Toa shikamoo yako vizuri, kisha omba kilicho chako kwa sauti inayosikika. Adabu haikatazi haki. Ukinyamaza unamnyima mwenzako nafasi ya kuwa mwaminifu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe nyumba njema na majirani wenye kazi za kufanya. Mikono yako isitoke mitupu kwa haya wala mizito kwa dhuluma. Na kila mlango utakaoufunga kwa mara ya mwisho, akujalie siku nyingine, ukipita hapo na jua kali, uweze kupiga hodi na kuomba maji ya kunywa.